Tundu Namba Kumi na Saba

Wadogo zangu wa kitengo cha mtandao, mliponiaga mlinipa vitenge, saa ya ukutani na hotuba iliyokaribia kuwa ndefu kuliko utumishi wenyewe. Katika hotuba ile mlisema mimi ndiye niliyeyaunganisha mabweni ya chuo na intaneti. Nilinyamaza kwa sababu keki ilikuwa inasubiri, lakini si kweli. Aliyeyaunganisha ni Mzee Ambakisye, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Mimi nilianza kwa kumshikia ngazi, baadaye nikaipanda. Sasa nina muda wa kukaa barazani kwangu hapa Bondeni, basi nawaandikia kazi ile ilivyokuwa kabla mwanafunzi hajaanza kuchapa neno la siri kwenye simu akiwa amelala kitandani, na mambo yakaisha.

Vyeo sitaviandika. Mnavijua, vimebandikwa ukutani ofisini.

Niliajiriwa kama mpokea simu wa mabweni. Simu ilikuwa moja, wanafunzi mamia, na kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya ngazi na kupaza sauti kwamba chumba cha tisa anaitwa na mama yake. Simu za mkononi zilipojaa, ile yangu ikanyamaza. Nikawa nakaa mbele yake kutwa nzima nikiipangusa vumbi, nikijua siku yoyote nitaambiwa nirudi Talatala kwa wazazi nikapalilie kakao. Siku moja akaingia mwanamume mrefu, mwembamba, akaegemeza baiskeli yake nyeusi mlangoni, akatazama nyaya zilizopita darini, kisha akanitazama mimi.

"Hizi unajua zinakwenda wapi?" akauliza.

"Najua, tata," nikajibu, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Kinyakyusa. "Ile inakwenda bweni la wasichana. Ile pale ilikatwa na panya mwaka juzi, na hakuna aliyeuliza."

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta," akasema, na hapo ndipo nilipokuwa fundi.

Mzee Ambakisye alikuwa fundi wa laini za simu kwa miaka mingi. Habari za mtandao wa kompyuta alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kilichochanika kurasa za mwanzo. Alikuwa anasema ndiyo maana hajui kuutambulisha mtandao kwa wageni, anajua kuutengeneza tu. Siku yangu ya kwanza alinipa kipande cha kebo, koleo la kubana, na kikopo cha vichwa vya plastiki, vile vyenye ulimi unaolia ukiingia kwenye tundu. Ndani ya kebo mna nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, na lazima zipangwe kwa rangi: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Nilibana kichwa cha kwanza, nikampa. Alikitazama kwenye mwanga, akakikata, akanirudishia kebo. Alikata vichwa kumi na viwili siku ile. Nilikwenda nyumbani nimenuna. Nikachukua ukindu wa rangi rangi niliopewa na mama, nikasuka utepe kwa mpangilio ule ule hadi vidole vikaujua bila macho. Kesho yake cha kwanza hakukikata. Hakunisifu pia, alinipa kikopo kingine.

Alikuwa na namna zake, na nyingi hazimo kwenye vitabu vyenu. Kila kebo aliifunga plasta ya hospitali pande zote mbili na kuandika namba ya chumba kwa mkono safi, maana alisema fundi atakayekuja baada yake hana kosa. Mwanafunzi akilalamika, hakumwambia sogea nitazame. Alimwambia achomoe mwenyewe, achomeke mwenyewe, aseme anaona nini. Ilichukua muda mrefu mara tatu, nami nilikuwa nachemka pembeni, lakini wanafunzi wale hawakurudi na swali lile lile.

Kwetu hapa, kati ya mji na ziwa, mvua inanyesha kama ina kisasi. Maunganisho ya nje ya ukuta tuliyafunika kwa maboksi ya plastiki yaliyoletwa na mkandarasi. Ndani ya miezi michache yote yalikuwa yametoa jasho ndani na nyaya zimeota ukungu wa kijani. Mkandarasi akasema tuyazibe zaidi. Mzee akasikiliza, akashukuru, akapanda mtumbwi kwenda Ikombe kwa wanawake wanaofinyanga vyungu. Akarudi na vyungu vidogo kumi na sita vyenye vishikio. Tukavifunga kichwa chini ukutani, kila kimoja juu ya unganisho lake. Mvua haiingii kwa sababu mdomo unatazama chini, na joto linatoka kwa sababu udongo unapumua. Wageni kutoka Dar es Salaam walipovipiga picha wakicheka, Mzee aliwapangia wasimame mahali penye mwanga mzuri.

Kuna msimu ambao kungu wanapanda kutoka ziwani, wale wadudu wadogo wanaokuja kama moshi, watoto wakawakimbilia na vikapu ili mama zao wakaange mikate. Walikuwa wanafuata taa ndogo za swichi, yale maboksi yanayogawa mtandao vyumbani, na kujaza feni. Tulifunika makabati kwa vyandarua. Msimu mmoja nilifungua kabati la bweni la wavulana nikatoa kungu wa kutosha kitoweo, na mlinzi akaniomba kweli.

Kesi ngumu ya kwanza ilihusu laptopu moja tu. Mtandao wa bweni zima ulikuwa unakufa baada ya chakula cha mchana na kufufuka saa ya ibada ya jioni. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha swichi, mimi nikaanza kulaumu umeme. Mzee akakaa na karatasi siku tatu akiandika saa. Siku ya nne alisimama mlangoni mwa bweni na kutazama nani anaingia baada ya chakula na nani anatoka kwenda ibada. Chanzo kilikuwa kijana mpole, mtoto wa wafanyabiashara wa mpakani, aliyerithi kompyuta kwa mjomba wake wa Malawi. Mjomba alikuwa ameipa namba ya kudumu ya mtandao wa ofisini kwake, na namba ile ilikuwa sawasawa na ya mlango mkuu wa mtandao wetu. Kila alipoiwasha, kompyuta za wenzake zilidhani yeye ndiye njia ya kwenda duniani.

Kutokana na kesi ile Mzee akaweka sheria: kila mwanafunzi alete mashine yake ofisini kwa mikono yake, sisi tuikague, tuandike anwani yake kwenye daftari mbele yake, ndipo tundu la chumbani kwake lifunguliwe. Si kwa kumtuma rafiki, wala kwa barua. Sheria ilikuwa nzuri na niliipenda, maana ilinipa mhuri.

Miaka michache baadaye chuo kikaleta mfumo wa kupokea ripoti za utafiti za mwaka wa mwisho. Ili watu wasiandikiane, mfumo ulipokea ripoti kutoka kwenye mashine iliyosajiliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, ndani ya mtandao wa chuo tu. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Asiyewasilisha angerudi mwaka unaofuata.

Jumatano ya wiki ile nilikuwa nakagua daftari. Chumba cha kumi na saba, bweni la wasichana, jina Atupele. Mbele yake nilikuwa nimegonga mhuri wa "hakufika" mara tatu. Nikasema kwa sauti kwamba wanafunzi wengine wanasubiri tuwabebe mgongoni. Mzee alikuwa anachonga penseli. Aliendelea kuchonga.

Alasiri nilipanda bweni kurekebisha chumba cha jirani, nikaamua kumwonyesha huyo Atupele rangi yangu. Nilimkuta amekaa kitandani, kompyuta iko mapajani imefunikwa kanga, ripoti imekamilika ndani. Akasimama, akapiga goti kidogo.

"Mugonile, mama," akaniamkia kwa Kinyakyusa, yaani mmelalaje.

"Tumeamka tangu asubuhi," nikasema. "Wewe ndiye hujaamka. Ijumaa ni keshokutwa, mbona huji kusajili?"

Akatazama sakafu. "Naogopa mkwe."

"Mkwe gani yuko ofisini kwangu?"

"Yule mwenye baiskeli," akasema.

Mimi ni Mnyakyusa wa Talatala, nimelelewa na bibi aliyekuwa anakatisha migombani akimwona baba mkwe wake mbali njiani. Kwa familia zetu za zamani mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe, hawatazamani, hawasemeshani, na jina lake halitajwi. Wengi wameacha. Nyumba ya Mzee Ambakisye haikuacha. Nilijua mwanawe mmoja anafanya kazi Mbeya na ameoa, lakini binti aliandikishwa chuoni kwa ukoo wa baba yake, nami sikuunganisha. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, na meza ya Mzee ilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimemgongea mtu mhuri mara tatu kwa kosa la kuwa na adabu. Niliona aibu, naiona hata sasa ninapoandika.

"Ningojee mpaka mwaka ujao, mama?" akaniuliza taratibu. "Mtoto wangu yuko kwa mama yangu. Ameanza kumwita bibi yake mama."

Nilishuka ngazi mbili mbili. Nikamkuta Mzee peke yake, nikamwambia.

"Najua," akasema. "Tangu mwezi uliopita. Kila siku saa tisa na nusu natoka nakwenda kukaa nyuma ya tangi la maji kwa saa nzima, ili aje akukute wewe. Haji."

"Tata, unatoka kwa miguu?"

"Tangi liko pale tu."

"Na baiskeli unaiacha mlangoni."

Akageuka kuitazama. Kumbe kila alasiri mmoja alikuwa amejificha nyuma ya tangi ili mwenzake apite, na mwenzake amekaa maktaba na kompyuta kwenye mfuko, anaitazama baiskeli ile kwa dirisha akisubiri iondoke. Wiki nne walikuwa wanapishana hivyo.

"Niachie mimi," nikasema. "Nitakwenda na daftari chumbani kwake sasa hivi."

"Hapana."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaweka penseli chini. "Sheria niliiweka mimi. Nikimpitisha mtu wa nyumbani kwangu peke yake, wengine nitawaambia nini? Hebu hesabu, ambao hawakufika ni wangapi?"

Nikahesabu. Walikuwa kumi na mmoja.

"Tuliwahi kuwauliza kwa nini?" Hatukuwahi. Akachukua karatasi, akaandika kwa mkono ule safi kwamba kuanzia kesho fundi ndiye atakayekwenda na daftari vyumbani, kwa kila mwanafunzi, kwa kufuata orodha. Akaibandika juu ya ile sheria yake ya zamani. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa amevunjika mguu. Mwingine alikuwa na kompyuta kubwa ya mezani isiyobebeka. Mmoja alisema ananiogopa mimi. Nilimsajili nikitabasamu hadi mashavu yakauma.

Atupele alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na Mzee hakukubali nimruke mtu. Nilimfikia Ijumaa, saa nane na nusu. Nikaikagua mashine, nikaandika anwani, nikachomeka kebo. Taa haikuwaka. Nikabadilisha kebo, ikawa vile vile. Ukutani nje, chini ya dirisha lake, ndipo kilipokuwa chungu cha unganisho, na kabati la swichi lilikuwa chumba cha chini, dirisha lake usawa wa mguu wa ngazi yangu.

Nadhani nilisali. Kisha nikashuka kumwita Mzee, tukagawana kazi. Mzee chini kwenye kabati na upande mmoja wa testa, kile kifaa cha kupimia nyaya. Mimi juu ya ngazi, kwenye chungu. Upande wa pili wa testa, wenye taa nane zinazowaka kwa zamu, ulitakiwa uwe chumbani na mtu wa kuusoma. Mtu wa kuusoma alikuwa mmoja tu.

"Sema unachoona," nikamwambia Atupele kwa dirishani.

"Moja inawaka. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita haiwaki. Saba. Nane."

Sauti yake ilipita juu ya kichwa changu ikashuka moja kwa moja kwa Mzee. Alisikia kila neno, nilimwona penseli mkononi. Lakini hakuandika. Alisubiri.

"Sita haiwaki, tata," nikasema.

Ndipo akaandika. "Mwambie asome tena."

"Soma tena," nikasema, kwa binti aliyekwisha kuanza kusoma. Tuliendelea hivyo, mimi nikirudia kila kitu kati ya watu wawili waliokuwa wanasikiana vizuri kuliko mimi, na saa inakwenda. Nilipenda heshima ile na nilitaka kuwafinya wote wawili.

Sita ni waya wa kijani. Nikafungua kamba, nikashusha chungu, na ndani nyigu walikuwa wamejenga. Walikuwa wenyeji, mimi ndiye mgeni. Mmoja alinichoma mdomo wa chini. Sikuanguka, ila ndani ya dakika chache mdomo ulivimba hata neno "sita" halitoki. Waya wa kijani ulikuwa umeoza kwa unyevu wa udongo wao. Nikaukata, nikaumenya, nikaanza kuuunganisha upya huku machozi yanatiririka.

"Tusa," Mzee akaniita kutoka chini, "anaona nini sasa?"

Nilitoa sauti ya ng'ombe. Atupele alikuwa anasikia swali na jibu analo, na Mzee alijua analo. Nikatazama juu. Nikaona mkono wa Atupele umechukua kijiko cha chai, ukaanza kugonga nondo ya dirisha. Mara tano. Akaruka pigo moja. Kisha mara mbili.

Chini, bisibisi ikagonga ubavu wa kabati mara moja. Ameelewa.

Hakuna aliyewafundisha. Binti alipata njia ya kumwambia baba mkwe wake kwamba ya sita bado, bila kumsemesha, na mzee aliitambua papo hapo. Nilibana waya wa kijani kwa nguvu zangu zote. Kijiko kikagonga tena, polepole: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Hakikuruka hata moja.

Nilishuka nikaingia chumba cha kabati. Mzee alikuwa amekwishatoa testa na kuchomeka kebo kwenye tundu namba kumi na saba. Amechuchumaa mbele ya swichi, miwani kwenye paji la uso, anaitazama ile taa ndogo ya kijani. Saa yangu ilisema kumi kasoro dakika saba. Taa iliwaka, ikatulia, kisha ikaanza kupepesa haraka haraka.

"Anapakia," Mzee akasema.

Tuliitazama. Ilipepesa, ikasita, ikapepesa tena. Mzee alisogeza uso karibu zaidi. Kwa miaka mitatu hakuwahi kuuona uso wa binti yule, na sasa alikuwa anamfuata kwa taa isiyozidi punje ya mpunga. Kumi kasoro dakika mbili ikatulia, ikabaki inawaka bila kutikisika.

"Amemaliza," akasema.

Juu, kijiko kikagonga nondo. Hakikuwa kinahesabu safari hii. Kiligonga tu, kwa furaha, bila mpangilio, mpaka wasichana wa vyumba vya jirani wakaanza kuuliza kuna nini. Mzee Ambakisye akasimama, akavua kofia, akachukua bisibisi na kugonga kabati taratibu, mara moja, halafu akagonga tena na tena hadi juu kukawa kimya kwa kumsikiliza. Mimi nilisimama mlangoni nimeushika mdomo wangu, nikalia, na nikasingizia nyigu.